Data halisi za kufundishia takwimu

Mwl_Uyole: Wakuu habari za baridi, nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa saikolojia hapa Mbeya, namba natunga mwenyewe wao wanakariri tu fomula, mtihani ukipita yote yameyeyuka, inaniuma kwa kweli. Data za utafiti wa kweli za bure nazipata wapi?

Kihesa_Iringa: Chukua za Afrobarometer mkuu, wale wa utafiti wa maoni ya wananchi nchi nyingi za Afrika, Tanzania imo. Maswali ya imani kwa taasisi yanajibiwa 0 mpaka 3 ila "sijui" imewekwa 9, mi huwa sisemi kitu nawaacha wapige wastani kwanza, wakiona kuna 9 kwenye safu wanashtuka wenyewe, hapo ndo wanaelewa kusafisha data ni nini

binti_tukuyu: Na jamovi, programu ya kuchambulia data, ni bure, ukishaidanilodi haili bando

Mwl_Uyole: Asanteni sana, hiyo ya 9 naanza nayo jumatatu