Nimemaliza MBA ya masoko: kati ya hizi tatu nishike ipi?

Dada wa Kimara
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza MBA, mkondo wa masoko, masomo ya jioni. Miaka miwili ya kutoka ofisini saa kumi na moja na kukimbilia darasani na chapati mkononi. Nina miaka 31, mtoto mmoja, na deni la Bodi ya Mikopo la digrii ya kwanza bado linanisindikiza. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne huduma kwa wateja kwenye kampuni ya simu, nikipokea simu za watu waliotuma pesa kwenye namba isiyo yao. Mkataba uliisha, haukuongezwa.

Mezani kuna vitu vitatu. Kampuni moja ya matangazo Masaki wananitaka niwe msaidizi wa kuhudumia akaunti za wateja, mkataba wa mwaka, mshahara wa msingi milioni moja. Msambazaji wa vinywaji Mbagala ananitaka niwe supavaiza wa mauzo, vijana sita chini yangu, 550,000 na kamisheni. Hapa nakiri naona aibu kidogo, masta mzima nikahesabu kreti? Cha tatu ni kusubiri: niombe Afisa Masoko kupitia Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, huku nafundisha vipindi vya jioni chuo fulani. Hiki cha mwisho mama anakipigia debe usiku na mchana. Kwake yeye kazi ni ya serikali, nyingine zote ni vibarua.

Mngekuwa mimi mngeshika ipi?

Kandambili
Milioni dhidi ya laki tano na nusu halafu unauliza? Shika milioni, njoo utushukuru.

Mhasibu wa Buguruni
Kandambili usimpoteze mtoto wa watu. Dada, hiyo milioni kabla hujaipangia matumizi ikate kwanza. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, laki moja imeondoka. Inabaki 900,000 ya kutozwa kodi: 270,000 ya kwanza haiguswi, kuanzia hapo wanakukata asilimia 8, kisha 20, kisha 25 kadiri unavyopanda. Hiyo kodi ya mshahara, PAYE, inakuja 103,000. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 150,000. Unaondoka na 647,000.

Ile 550,000 ukiipitisha njia hiyohiyo inatoka 394,500 kabla ya kamisheni. Kwa hiyo tofauti ya mfukoni ni 252,500, si 450,000 kama inavyoonekana kwa macho. Sasa toa nauli na chakula cha mchana cha Masaki, maana wali maharage wa huko nao una bei yake.

Halafu waulize hao wa matangazo: unaajiriwa, au wanakuandika "mshauri"? Kuna ofisi wanapenda hilo neno. Wanakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, hawakupelekei NSSF hata shilingi. Mwezi wa kwanza unaona umepata hela nyingi. Siku unafuatilia fao la uzazi ndio unaambiwa jina lako halipo.

Dada wa Kimara
Ahsante Mhasibu. Sikuwahi kuipiga hesabu hivyo. Ya ushauri nitauliza kesho.

Mzee wa Rute
Mdogo wangu, mimi nimezunguka na magari ya soda na bia miaka kumi na nne, Temeke yote hadi Chamazi, kwa hiyo nichukulie kama mtu anayevutia upande wake.

Hiyo aibu ya kreti iweke pembeni, maana kreti ndiyo somo lenyewe. Duka la Mangi pale Rangi Tatu haliagizi soda kwa sababu ya tangazo. Linaagiza kwa sababu lina kreti tupu za kubadilisha, lina hela ya leo asubuhi, na gari lako limefika kabla ya la mshindani. Asipokuwa na chupa tupu hupati oda, hata soda yenyewe ingekuwa na picha ya malaika. Niliwahi kuletewa kijana wa masta kutoka makao makuu, ana tablet nzuri, akaniandikia ripoti kwamba Mbagala "mwamko wa chapa uko chini", yaani watu hawaijui bidhaa. Mwamko! Watu walikuwa wanaikosa dukani tu.

Jambo la pili hutalikuta darasani: bei ya Kariakoo. Kuna mfanyabiashara wa jumla atauza katoni kwa bei ileile aliyonunulia, na utashangaa anakula wapi. Anakula bonasi ya mwisho wa mwezi kutoka kiwandani akifikisha idadi. Mzigo wake unavuka unaingia eneo lako, bodaboda anauleta hadi mlangoni, na vijana wako sita wanarudi na vitabu vya oda vitupu. Targeti yako iko palepale. Ukijifunza kuishi na hilo mwaka mmoja, ukaja kuitwa usaili kwenye kampuni kubwa za bia, soda au sabuni, swali lao huwa ni moja: eneo ulilikuta linauza kiasi gani, ukaliacha linauza kiasi gani? Hapo unataja namba. Mwenzako anataja moduli alizosoma.

Ubaya wake nao nikwambie. Jumamosi ni siku ya kazi. Jua. Vijana watauza kwa mkopo bila kukwambia, na mkopo usiporudi msambazaji anakutazama wewe. Na kamisheni, shika neno langu, iwe kwenye karatasi kabla hujapanda gari siku ya kwanza.

Msahihisha Mabango
Mzee wa Rute umeongea vizuri ila usitufanye sisi wa matangazo tuonekane watu wa kahawa na viyoyozi. Niko kwenye hizi kazi mwaka wa sita.

Faida yake: ndani ya mwaka mmoja unashika benki, unga, bima na simu. Unajifunza haraka jinsi kampuni tofauti zinavyofikiri na hela zinavyopitishwa. Na kazi kubwa zikija zinakuja kweli. Kampuni ya simu ya Tigo ilipogeuka Yas Novemba 2024, fikiria kila bango, kila fulana, kila mwavuli wa wakala nchi nzima. Mtu aliyekuwa ndani ya kazi kama ile ana cha kusimulia miaka mitano.

Lakini kuna siri ya familia. Kampeni nyingi za kampuni za kimataifa huku Dar hazizaliwi. Zinakuja zimepikwa Nairobi au Johannesburg, sisi tunapewa tupakue. Kazi yangu wiki nzima iliyopita ilikuwa kupigania sentensi moja ya Kiswahili ambayo hakuna mtu wa Manzese angeisema hata akiwa na homa. Nikashinda kwa kura mbili kwa moja. Hiyo ndiyo "mikakati" tuliyosomea, ha ha.

Dada, swali la kuwauliza ni hili: nitakuwa namhudumia mteja gani, na mkataba wake na ninyi unaisha lini? Mkataba wako wa mwaka mmoja unaweza kuwa umefungwa kwenye mteja mmoja. Mteja akihama, na wewe unahama, tofauti ni kwamba yeye anahama na mabango yake. Nimeona timu nzima ikifungashwa Ijumaa.

Kandambili
Kwa hiyo masta ni ya nini sasa? Mmoja anasema kreti, mwingine anasema Nairobi. Bora angefungua duka la vitenge.

Mzee wa Rute
Na vitenge navyo vina Kariakoo yake.

Subira Yangu
Nijibu upande wa serikali kwa sababu nimeomba mara saba na bado naomba.

Kwanza, tangazo la Afisa Masoko Daraja la II linataka digrii ya kwanza. Masta yako haikuingizi kwa ngazi ya juu, mnaanzia mlango mmoja na kijana aliyemaliza juzi, na kwenye mtihani wa mchujo pengine atakupita maana bado ana nadharia kichwani. Pili, usaili unaweza kuwa Dodoma. Zamani ilikuwa basi la alfajiri na usiku mmoja gesti; tangu treni ya SGR ianze kufika kule 2024 unafuu umekuwepo, ila nauli ni yako. Tatu, unaweza kufaulu ukakosa nafasi, ukawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Mimi nimo. Mama yangu ameshawaambia majirani nina kazi serikalini, imebaki "kupangiwa kituo".

Umri wa kuomba mara nyingi ni usiozidi miaka 45, kwa hiyo hujachelewa. Ninachokiona ni kwamba hiki ulichokiita chaguo la tatu si chaguo kabisa. Akaunti ya Ajira Portal unaifungua leo usiku, unapakia vyeti, unaendelea na kazi yoyote. Hakuna anayekutaka ukae nyumbani ndio uombe.

Mwalimu wa Jioni
Na hivyo vipindi msimuache nyuma. Mimi nafundisha kwa saa, vyuo viwili. Malipo ya chuo cha pili yanatoka mitihani ikishasahihishwa na matokeo yakishapitishwa, yaani ulichofundisha Oktoba unakila Machi. Kwa mtu mwenye mtoto hiyo si kazi, ni akiba ya lazima.

Kama unawaza uhadhiri wa kudumu, angalia GPA zako zote mbili, yaani wastani wa alama wa kila digrii. Vyuo vikuu vya umma matangazo yao kwa kawaida yanataka 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 masta. Watu wengi wanasoma masta kwa bidii wakidhani inafuta ya kwanza. Haifuti.

Dada wa Kimara
Ya kwanza nina 3.4. Basi mlango huo umefungwa, angalau sasa najua. Inauma kidogo lakini ahsante mwalimu.

Mtu wa Miradi
Naongezea kwa kifupi kabla hajaja mtu kumshauri kazi za mashirika ya misaada. Nilikuwa huko, tunauza kondomu na dawa ya kutibu maji kwa mbinu zilezile za sabuni, mshahara mzuri sana. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, barua ilitufikia kabla ya chai ya saa nne. Ujuzi ule ni wa kweli na nauthamini, ila kwa sasa usiuweke kama nguzo.

Kaunta Namba Tatu
Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyeigusa ile miaka minne ya simu.

Dada, mimi niko benki. Tuna watu wa bidhaa wenye shahada za kutosha ambao hawajawahi kuongea na mteja aliyekwama. Wewe umesikiliza maelfu. M-Pesa ipo hapa tangu 2008 na mpaka leo watu wanatuma pesa namba siyo, wanasahau namba ya siri, wanaogopa kubonyeza moja. Unajua wanakwama hatua ya ngapi, wanaume wanalalamikaje, wanawake wanalalamikaje, mwisho wa mwezi simu zinaongezeka kwa nini. Kwenye timu ya bidhaa za kidijitali hiyo ni dhahabu, ila kwenye CV yako nina hakika umeandika "kupokea simu na kutatua changamoto za wateja".

Dada wa Kimara
Nimeandika hivyohivyo neno kwa neno. Umenichungulia?

Kaunta Namba Tatu
Wote mnaandika hivyo. Iandike upya: tatizo gani lilikuwa linajirudia, ulimwambia nani, kikabadilishwa nini. Kama hakikubadilishwa, andika ulichopendekeza. Nafasi za timu hizo hazitangazwi kila siku, kwa hiyo bado unatakiwa ushike kimoja kati ya viwili vyako wakati unazitafuta.

Mzee wa Rute
Dada, kabla hujaamua, muombe huyo msambazaji upande gari Jumamosi moja tu. Akikataa, nayo ni habari.

Dada wa Kimara
Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nane.

Wa Masaki niliwauliza yale mawili. Mteja ni mmoja, mkataba wake unaisha Desemba. Na ndiyo, "mshauri". Mhasibu, ulikuwa umekaa nao?

Jumamosi nilipanda gari la Mbagala. Tumeingia maduka 38 tangu saa moja asubuhi, miguu mpaka leo inalalamika. Nilikuwa na daftari, nikawa naandika kila duka lisilo na soda zetu na sababu yake. Yalikuwa 11. Mawili hayatupendi, tuliwahi kuwaachia chupa zenye uchafu hawakusahau. Tisa yaliyobaki hayana kreti tupu, na kununua kreti na chupa zake kwa mara ya kwanza ni hela inayowashinda. Wateja wanaiulizia kabisa, mama mmoja aliniambia watoto wa shule wanapita kila siku wanauliza.

Jioni nikamuuliza msambazaji: kwa nini hayo tisa usiyakopeshe kreti mbili mbili, tukaweka alama, yakalipa kidogo kidogo kwenye kila oda? Akanitazama, akaomba daftari. Akaniuliza naanza lini. Nimemwambia anipe mpaka Jumatatu.

Mama hajui bado. Nimemfungulia Ajira Portal mbele yake, amefurahi, amekaa kimya.

Kandambili
Dah. Haya, soda ya kwanza ninunulie mimi.

Mhasibu wa Buguruni
Safi. Kamisheni ameiandika?

Dada wa Kimara
Amesema "tutaelewana".

Mzee wa Rute
Jumatatu usipande gari. Ingia ofisini kwanza na karatasi mbili, yake na yako. Muulize kamisheni inahesabiwa kwenye mzigo uliotoka au kwenye fedha iliyorudi, inalipwa tarehe ngapi, na hizo kreti za mkopo zikipotea ni za nani.

Dada wa Kimara
La kreti sikuliwaza. Naliandika la kwanza.