Ukoo wa Bibi, Kasese na Ng'ambo

JUMATATU JIONI

Masika (Mombasa): Hamjambo nyumbani. Tiketi tumekata. Tunatoka huku Jumatano, na Ijumaa tutakuwa Uganda, nyumbani Kasese, Mungu akipenda. Salim amepewa likizo fupi, kwa hiyo siku ya kutembea ni moja tu, Jumamosi. Watoto wana swali moja: simba wako wapi?

Salim: Assalam aleikum wazee wangu. Shikamooni nyote.

Mzee Thembo: Marahaba mkwe. Huku kwetu shikamoo tunaisikia redioni tu, lakini inapendeza, endelea nayo. Kiswahili chako ni cha barazani, chetu ni cha soko la Mpondwe. Tutaelewana.

Shangazi Biira: Karibuni sana. Jumamosi mnakwenda Katwe. Nimeshasema.

Kule: Shangazi, shemeji hajasafiri siku mbili kuja kutazama tope.

Shangazi Biira: Tope lililokusomesha wewe.

Kule: 😂 Haya. Mimi nimepanga hivi. Saa kumi na moja alfajiri tunatoka. Tunaingia Kasenyi, uwanda wa mbugani, jua likichomoza, ndiko simba wanakowinda kobi, swala wa huku. Saa nne tunapita njia ya kreta, yale mashimo ya volkano ya kale, kuanzia lile banda la Malkia, kilometa 27 mpaka geti la Kabatoro. Katwe tunapita dakika kumi. Mweya chakula, halafu boti ya mchana kwenye Mfereji wa Kazinga. Jioni picha kwenye ikweta pale Kikorongo. Usiku nyumbani.

Shangazi Biira: Hayo ni matembezi au mnafukuzwa na polisi?

Salim: Shemeji Kule, na wale simba wanaopanda miti? Mwanangu wa pili amewaona kwenye simu, halali usingizi.

Kule: Wale wako Ishasha, upande wa kusini kabisa. Kutoka Kasese ukienda na kurudi siku imekwisha, na hawakuahidi kwamba siku hiyo watapanda. Kasenyi simba wako chini, kwenye nyasi, kama ng'ombe.

Mzee Thembo: Mwambie pia kwamba anaweza akazunguka Kasenyi asubuhi nzima asione hata mkia. Mimi nimeendesha wageni miaka kumi na mbili. Mzungu mmoja alilia.

Masika: Baba mdogo usiwavunje watoto moyo, wanasoma hapa pamoja nami.

Mzee Thembo: Watoto, simba wapo wengi.

Shangazi Biira: Salim mwanangu, usisahau vitambulisho vyenu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtu wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa ng'ambo, lakini getini lazima uonyeshe karatasi. Usitegemee sura.

Salim: Nimeandika Shangazi. Na huko Katwe kuna nini hasa? Masika ananiambia "kwa Bibi", basi.

Shangazi Biira: Masika hukumwambia?? Miaka tisa ya ndoa?

Masika: Nilimwambia kuna chumvi. Akaniambia hata kwao Gongoni kuna chumvi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mzee Thembo: Gongoni! Kumbe tumeozesha kwa adui.

Salim: Astaghfirullah, tumefanya nini tena?

Mzee Thembo: Chumvi ya pakiti inayouzwa kila duka la Kasese inatoka pwani ya Kenya. Nyeupe, laini, ina iodini, bei rahisi. Zamani malori yalikuwa yanapanga foleni Katwe. Siku hizi chumvi yetu wanailamba ng'ombe. Si wewe uliyefanya mkwe, ila ukikutana na mama mkwe wako mkubwa, nenda kwa adabu.

JUMANNE

Bibi (simu ya Mbambu): [ujumbe wa sauti, dakika 4]

Mbambu: Bibi anasema niwaandikie kwa wale wasiosikia Lukonzo. Naandika kwa kifupi maana ameongea mpaka chai imepoa.

Anasema kidimbwi chake cha chumvi pale Katwe alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Shamba likifa mvua hurudi mwakani, lakini kidimbwi cha chumvi kinataka jua na mtu wa kukitazama kila siku. Unaziba kingo kwa udongo na miti, maji ya ziwa yanatulia humo, jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Juu kunafanyika ganda kama maziwa yaliyochemka. Ukiliacha, maji ya chini hayakauki, kwa hiyo unalivunja lizame. Mvua ikinyesha siku moja, kazi ya wiki mbili inarudi kuwa maji. Ndiyo maana kiangazi hawakuwa wanapumzika, na harusi hazikupangwa kiangazi.

Anasema pia: "Mkwe wa Mombasa aje anione nimekula chumvi nyingi." Halafu amecheka peke yake dakika nzima, sauti mnaisikia.

Salim: Bibi nakuja kwa magoti. Kula chumvi nyingi kwako ni umri na ni kazi pia.

Mbambu: Nimemsomea. Anasema Kiswahili hicho ni kitamu lakini magoti yabaki Mombasa, njia ya ziwani ina mawe.

Kule: Naona mpango wangu unaliwa na ganda la chumvi.

Mzee Thembo: Kule, wewe unajua Katwe ya barabarani tu. Sikiliza. Mwaka 1891 yule Mwingereza Lugard alipopita huku, kitu alichokimbilia hakikuwa tembo. Alijenga ngome pale Katwe, juu ya ziwa la chumvi, kwa sababu chumvi ile ilikuwa hazina ya mfalme Kabalega wa Bunyoro. Anayeshika chumvi anashika njia zote, Ankole, Toro, mpaka ng'ambo ya mto Semliki. Watu walipigana kwa ajili ya hilo tope lako. Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuja 1954, wakamwekea banda, na mbuga iliyokuwa inaitwa Kazinga ikapewa jina lake. Amin naye akaja akaiita Ruwenzori, na ziwa Edward akalipa jina lake mwenyewe mwaka 1973. Yote hayo yamepita, watu wa chumvi bado wako ndani ya maji.

Kule: Na kile kiwanda?

Mzee Thembo: Usinitie hasira usiku. Miaka ya sabini wakaanza kujenga kiwanda kikubwa, mitambo ya Ujerumani. Tukaambiwa vidimbwi vitakuwa historia. Mabomba yakaliwa na chumvi, kiwanda kikafa kichanga. Mabati yake yapo mpaka leo, mtayaona. Bibi aliwaambia mapema kwamba maji yale yanakula chuma. Nani amsikilize mwanamke mwenye ndoo?

IJUMAA USIKU

Masika: Tumefika salama. Miguu imevimba kama matoke. Watoto wamekula sombe na obundu, ugali wa muhogo, mpaka wamelala mezani.

Shangazi Biira: Salim anakula ngege kwa mikono miwili, huyo ni wetu sasa.

Kule: Gari saa kumi na moja getini. Dereva ameapa.

JUMAMOSI

Kule (11:40 alfajiri): Dereva hapokei simu.

Kule (12:25): Amesema yuko njiani.

Shangazi Biira: Njia ipi? Ya kitandani kwenda bafuni?

Kule (1:50 asubuhi): Amefika. Anasema tairi. Tairi gani, hata uso hajanawa. Tumeshachelewa Kasenyi, jua limepanda.

Masika: Tuko Kasenyi. Kobi wengi mno, madume yamesimama kila mmoja na kipande chake cha uwanja kama wenye vibanda sokoni. Watoto wamefurahi kumwona mnyama wa kwenye nembo ya Uganda akiwa hai. Simba hakuna. Wawili wananuna.

Mzee Thembo: Nilisema nini. Ah, samahani watoto. Simba wamelala, ni wavivu, kama dereva.

Kule: Upande huu pia kuna Bunyampaka, ziwa jingine la chumvi, dogo. Nimewaonyesha kwa mbali. Njia ya kreta tumeifuta, ni mawe na hatuna muda. Tumesimama tu ukingoni mwa Nyamunuka.

Salim: Wallahi ziwa limejitaja lenyewe. Nyamunuka, na linanuka! Nyati wamejaa ukingoni, wao hawajali.

Mzee Thembo: 😂😂 Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia kwa Kiswahili.

Masika: Sasa Katwe. Tumepita ziwa Munyanyange kwanza, ndege heroe (flamingo) wameanza kuja, si wengi bado. Mtoto wa mwisho anauliza nani amewapaka rangi.

[kimya cha saa mbili na nusu]

Shangazi Biira: Mko wapi? Boti mtaipata?

Shangazi Biira: Masika?

Kule: Shangazi boti imeondoka bila sisi. Salim amekataa kutoka ziwani.

Salim: Niacheni niandike, nimekaa juu ya gunia.

Mimi nimekua naona chumvi. Kwetu maji ya bahari yanavutwa kwa pampu, mashamba yamenyooka kama daftari, mashine zinapita, mlima mweupe unapakiwa. Nilidhani nakuja kuona hiyo hiyo, ndogo zaidi. Shangazi, hapa umesimama juu ya ukingo wa kreta, upande mmoja Ziwa Edward la maji matamu na mitumbwi ya samaki, upande wa pili shimo lenye ziwa la rangi ya chai iliyochacha, na katikati yako ni kipande cha ardhi tu. Harufu ni ya yai viza. Ukingo mzima umegawanywa vidimbwi, mamia, vimekaa kama viraka vya kanga kuukuu, na kila kiraka kina mwenyewe.

Katikati ya ziwa wako wanaume, maji kiunoni, wanachokoa mwamba wa chumvi chini kwa mitaimbo. Hawaoni wanachokata, wanasikiliza kwa miguu. Nimemsalimia kijana mmoja, akanionyesha mapaja, ngozi imechubuka imechubuka tena. Nikamuuliza kwa nini hatafuti kazi nyingine. Akanijibu, "Ipi?" Sikuwa na la kusema.

Kidimbwi cha Bibi tumekionyeshwa. Mama anayekifanyia kazi kwa kugawana alikuwa amepiga magoti anakusanya chumvi kwa viganja, anaiosha kwa maji yale yale ya ziwa. Ameniangalia juu mpaka chini, akaniuliza: "Wewe ndiye mkwe wa chumvi ya pakiti?"

Nani aliyempigia simu??

Mzee Thembo: Mimi sijui chochote.

Shangazi Biira: Thembo!

Salim: Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka, akanipa jembe dogo la mti nivunje ganda. Nimevunja kwa nusu saa, mgongo umekufa. Yeye amefanya miaka. Watoto wamesahau simba, wanalamba vidole kisha wanatema.

Kule: Nakiri. Mimi pia sikuwahi kushuka mpaka chini. Nilikuwa napita na boda tu.

Shangazi Biira: Nimelia kidogo hapa dukani, wateja wananiangalia. Mwulizeni huyo mama kama kingo za upande wa mashariki zimeshikilia, mvua ya mwezi wa tano ilizibomoa.

Masika: Zimeshikilia Shangazi. Ameweka miti mipya. Amesema mnadaiwa ya miti.

Shangazi Biira: Nitatuma leo kwa simu.

Mzee Thembo: Tokeni Katwe kabla ya giza. Viboko hutoka ziwani usiku wanakula majani katikati ya nyumba za watu. Biira unakumbuka?

Shangazi Biira: Nakumbuka! Tukiwa watoto, ukibanwa usiku kwa Bibi mzaa mama, unavumilia mpaka asubuhi au unamwamsha mtu mwenye tochi. Wewe Thembo ulichagua njia ya tatu, tusiseme hapa mbele ya mkwe.

Mzee Thembo: Asante kwa kutosema.

Salim: Tuko ikweta sasa. Mtoto mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini, anasema hasikii tofauti yoyote. Kule anatupa somo refu, nitawasimulia nikiwa mzee. Boti tumeshakubaliana ni ya safari ijayo. Mfereji wa kilometa zaidi ya thelathini wenye viboko hauhami.

JUMAPILI

Bibi (simu ya Mbambu): [ujumbe wa sauti, dakika 1]

Mbambu: Anasema mkwe ameonekana, amefanya kazi, ameshika chumvi. Anampa jiwe moja la chumvi apeleke Mombasa kwa mama yake. Aliweke mlangoni. Na amwambie kwamba kwenye nyumba ya Bibi chumvi ya pakiti haijawahi kuvuka kizingiti.

Salim: Naupeleka ujumbe kama ulivyo, Bibi. Mama atafurahi.

Mbambu: [picha]

Masika: Mbambu hiyo si rafu ya jikoni kwa Bibi? Nyuma ya kopo la majani ya chai hiyo ni nini nyeupe?

Kule: 😂😂😂😂 PAKITI

Mbambu: Ujumbe huu umefutwa

Mbambu: Bibi amenipokonya simu. Naandika harakaharaka. Anasema ni ya wageni.

Salim: Nimeshaihifadhi, Bibi. Hata mahali ilipotengenezwa panasomeka.