Baba mtoto analipwa vizuri, mimi natumiwa laki moja na nusu. Matunzo yanakadiriwaje?

MamaJunior_Mza
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, wenye matusi wapite tu.

Nina mtoto wa miaka sita na mwanaume ambaye hatukufunga ndoa. Jina lake lipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Ni fundi mitambo mgodini. Tulipokuwa pamoja niliiona slipu yake kwa macho yangu, milioni saba na ushee baada ya makato. Ana nyumba mbili za kupangisha na bajaji tatu barabarani. Kwangu inaingia 150,000, tena mpaka nikumbushe mara tatu. Mimi nashona, mwezi ukiwa mzuri napata laki nne. Nasikia sheria inasema akatwe asilimia 30 ya mshahara. Kweli? Nidai ngapi?

Kibasila77
Mtoto wa miaka sita anakula milioni mbili kwa mwezi? Semeni tu mnataka kujengewa.

WakiliMtaani
Dada, hiyo asilimia 30 ni ya vijiweni. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 haina asilimia wala kima cha juu. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili (cherehani yako nayo imo), kama kuna ambaye uwezo wake wa kutafuta umepungua, watoto wengine anaowalea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Kima kilikuwepo zamani, kwenye sheria ya watoto wa nje ya ndoa iliyoachwa na mkoloni: mwisho shilingi 100 kwa mwezi! Ilidumu hivyo hivyo hadi hii ya 2009 ilipoifuta.

Kwa hiyo usianze na mshahara wake, anza na mtoto. Chukua daftari, andika anatumia nini kwa mwezi.

MamaJunior_Mza
Nimeandika. Ada 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Basi la shule 60,000. Chakula 180,000. Dada wa kazi 80,000. Nguo na dawa 50,000. Nusu ya kodi ya nyumba 75,000. Jumla 595,000. Kumbe anachotuma kinaishia kwenye ada!

WakiliMtaani
Umeona. Sasa kila mstari uwe na risiti yake. Mtu wa milioni saba hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema 595,000 inamshinda, na hapo ndipo kipato chake kinapokusaidia. Unaweza pia kuomba bima ya afya, au shule inayolingana na uwezo wa baba, mradi uje na bei halisi. Ukitaja milioni tatu hewani, Kibasila atapata wa kumuunga mkono.

Na usitaje mshahara peke yake. Kodi za nyumba na hesabu za bajaji ni kipato pia.

Mwanajuma_Nai
Huku Kenya pia hakuna asilimia. Ibara ya 53 ya Katiba imewapa baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Lakini sawa si lazima iwe nusu kwa nusu. Kila mmoja huapa kwa maandishi kuhusu mali na mapato yake, na mwenye mfuko mzito mara nyingi hubebeshwa ada.

Bongo_Leicester
Uingereza ndiko kwenye kikokotoo. Mtoto mmoja: asilimia 12 ya pauni 800 za kwanza za kipato cha wiki kabla ya kodi, halafu asilimia 9 ya kinachozidi. Wa pauni 1,000 analipa 114 kwa wiki, pungufu kama mtoto hulala kwake siku kadhaa. Ila hesabu inagota kwenye pauni 3,000. Kwa matajiri wa kuzidi hapo, mzazi mwenzake anaenda mahakamani kuomba nyongeza, na huko wanarudi kulekule kwenye daftari la mahitaji.

Kibasila77
Sawa. Na kama jamaa ana watoto wengine wanne?

WakiliMtaani
Wanahesabika, kifungu ni kilekile. Awataje na athibitishe anawalea. Siku za kesi watoto huongezeka ghafla.

Dada, pita kwanza Ustawi wa Jamii wa wilaya yako, wamwite mzungumze. Akikaidi, nenda Mahakama ya Watoto.

MamaJunior_Mza
Mrejesho. Nilienda Jumanne, nikapewa barua ya wito, ikapelekwa na mjumbe kwa kaka yake. Leo jioni simu imelia: 300,000, bila kukumbushwa, ameandika "ya ada". Miezi yote hii hajawahi kuandika kitu.

WakiliMtaani
Itunze hiyo meseji. Na zile za 150,000 usifute hata moja.