Ulinganisho: Samaki wa kilo 30 na mtu mmoja horini: kulabu, kitanzi cha mkia au kapi?

MshipiMmoja, Shela

Asalaam aleikum waungwana. Nataka tulinganishe njia za kumtoa samaki mkubwa majini, mvuvi akiwa peke yake, na kumfikisha mjini bado ni samaki wa kuuzika. Chombo ni hori la futi 16, tanga dogo, halina injini. Likiwa na mtu mmoja, ukingo huwa kama sentimita 30 juu ya maji. Kazi ni kurambaza (kuvuta ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda) kwa mshipi wa mkono nje ya mlango wa bahari wa Shela, Lamu, msimu wa kaskazi: nguru na jodari, kilo 10 hadi 40.

Njia ninazozisikia ni nne: kumpiga kulabu na kumnyanyua, kumfunga mkia na kumburuta ubavuni hadi pwani, kumpandisha kwa kapi (gurudumu la kupitishia kamba) ya mlingoti, au kumkata vipande huko huko baharini. Ipi inamfaa mtu asiye na wa kumsaidia, na kila moja huharibika wapi?

Nahodha_Kizingitini

Waaleikum salaam. Anza na hili: samaki wa kilo 30 majini hana kilo 30, maji yanambeba. Uzito wake wote unakuja pale anapovuka ukingo, na wakati huo huo wewe umeegemea upande ule ule. Mtu wa kilo 70 na samaki wa 30 ni kilo 100 juu ya ukingo wa sentimita 30. Hori halizami kwa sababu samaki ni mkubwa. Linazama kwa sababu mvuvi alisimama.

Kulabu peke yake inatosha hadi kilo 15 hivi. Juu ya hapo tumia kulabu na kitanzi pamoja. Chuma kiwe cha milimita 8 au 10, mdomo wa sentimita 7, mpini wa mti usiozidi mita 1.2, maana mpini mrefu hauwezi kuutumia ukiwa umepiga magoti. Mpini ufungwe kwa kigwe kwenye chombo, kamwe si kwenye mkono wako.

Kwanza mchoshe. Mshipi usiuzungushe mkononi hata kwa sekunde moja. Uteleze juu ya vidole vilivyovishwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na unaoingia uangukie ndani ya beseni, si miguuni. Samaki akilala ubavu, mvute sambamba na chombo, kichwa kielekee omo, yaani mbele ya chombo. Piga kulabu nyuma ya kichwa, juu ya mgongo, ukivuta kuja kwako. Usipige ukivuka mshipi, kulabu ikiudaka umempoteza. Tumboni usipige kabisa: tumbo linachanika, uchafu unaingia kwenye nyama, na samaki anabiringika na kukung'oa mpini.

Kichwa kikiwa kwenye ukingo, mwili bado majini, mpige rungu juu ya macho mara mbili au tatu mpaka atetemeke na kunyooka. Jodari aliye hai ndani ya hori anapasua ubao na kuvunja muundi wa mguu. Ndipo umtie kitanzi mkiani, pale pembamba kabla ya panda ya mkia. Kwa nguru na jodari kitanzi hakitoki. Kwa chewa hutoka, mkia wake ni mnene na wa duara, kwa hiyo yeye pitisha kamba mdomoni na uitoe kwenye shavu, yaani matamvua.

Kumwingiza: dumu la lita 20 lenye maji lisogezwe upande wa pili, ndio kilo 20 za kusawazisha. Piga magoti katikati, mapaja yamepanuka, makalio chini. Subiri wimbi liinamishe chombo kuelekea kwa samaki, uvute kichwa na mabega tu. Pumzika. Wimbi la pili, vuta mkia kwa kamba. Kila mara umebeba nusu yake, na wewe hujasimama.

Tengo_Mayungu, Malindi

Nakubaliana na nahodha, ila niongeze la ngalawa kwa sababu huku kwetu wengi ndiyo wanayo. Matengo, ile miti ya pembeni, yanakupa uthabiti, unaweza kuegemea bila woga, lakini samaki akizunguka mti wa tengo mshipi unakatika. Mlete nyuma ya tengo la tezi (la nyuma ya chombo), si katikati ya mawili.

Kuhusu kapi, hapa watu wanakosea hesabu. Kapi inayotembea pamoja na mzigo inakupunguzia nguvu nusu, kilo 30 unazivuta kama 15 pamoja na msuguano, na kamba utakayovuta inakuwa mara mbili. Hilo ni kweli. Lakini samaki akishatoka majini, uzito wake unafanya kazi pale kamba ilipofungwa juu, si pale samaki alipo. Ukimtundika mlingotini mita 2.5 juu, kwa chombo ni kana kwamba umeweka kilo 30 kileleni, na zinabembea. Mashua pana yenye farumi (uzito wa kuituliza) tumboni inavumilia. Hori halivumilii. Kwa hori la futi 16 kapi iondoe kwenye orodha.

Kumburuta ubavuni ni njia ya masafa mafupi tu. Mfunge kupitia mdomo na shavu aende kichwa mbele. Ukimburuta kwa mkia mashavu yanapanuka, maji yanamkamata na tanga linalemewa. Damu yake inaita papa. Na fundo kwenye chombo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, ili akivutwa na mwingine umwache aende.

BarafuNaBahari, Lamu mjini

Kumburuta kuna kosa kubwa kuliko papa, nalo ni joto. Maji ya juu wakati wa kaskazi hufika nyuzi 28 hadi 30. Unadhani unamhifadhi majini, kumbe unamweka kwenye maji ya vuguvugu. Jodari ni mbaya zaidi: mwili wake una joto kuliko bahari, na akipigana muda mrefu nyama ya ndani karibu na uti inapauka na kulegea, wanunuzi wanasema imeungua. Nguru na jodari pia wana kitu kwenye nyama ambacho bakteria wakikipata kwenye joto hugeuza kuwa histamini. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio. Kupika hakuiondoi. Kukaanga hakuiondoi. Samaki anaweza asinuke bado na akawa nayo.

Kwa hiyo damu itoke mara tu baada ya rungu, moyo ukiwa bado unapiga. Kata mishipa ndani ya mashavu pande zote mbili. Kwa jodari ongeza mkato mfupi nyuma ya pezi la ubavuni, vidole vitatu hivi kutoka shina la pezi. Dakika 5 hadi 10 kichwa kikining'inia. Kisha toa mashavu na matumbo, ndiko bakteria wengi waliko.

Barafu: kumpoza kilo 1 ya samaki kutoka nyuzi 30 hadi 0 kunahitaji barafu kama theluthi ya kilo, hiyo ni hesabu ya joto tu. Lakini sanduku linavuja joto na wewe unafungua kifuniko. Ndiyo maana kwa pwani yetu tunapima kilo kwa kilo: unataka kurudi na kilo 30, ondoka na kilo 30 za barafu. Boksi la jokofu bovu linafaa lakini kwa hori ni zito. Boksi la foamu lililoviringishwa gunia linatosha. Vunja barafu ndogondogo, uchanganye na maji ya bahari kiasi, barafu mbili kwa maji moja. Mchanganyiko huo unamgusa samaki kila upande na kumpoza haraka kuliko vibonge vikavu. Tumbo lililotolewa uchafu ulijaze barafu pia.

Kama huna barafu, gunia lililoloweshwa na kivuli cha tanga vinasaidia saa chache tu. Plastiki usimfunike nayo, inamchemsha.

MamaKaranga_Langoni

Nami niseme upande wa sokoni, wanangu. Kukata vipande baharini si vibaya, lakini ujue unamuuzia nani. Mnunuzi wa hoteli anamtaka mzima na kichwa chake, anataka aone jicho na aguse shavu. Sisi mama karanga, wakaangaji samaki, tunachukua vipande, na kipande kizuri kina bei yake. Kata mapande makubwa matatu au manne, ngozi ibaki, mfupa ubaki. Minofu midogo iliyokatwa kwenye jua inakauka kingo na kulowa katikati. Na usiyaoshe kwa maji ya dumu wala ya gatini. Maji ya bahari safi ya nje yanatosha.

Mwenye alama ya kulabu mgongoni nyuma ya kichwa tunamchukua bila maneno. Mwenye kulabu katikati ya ubavu tunashusha bei, maana hapo damu imegandia nyamani.

MshipiMmoja, Shela

Ahsanteni sana, na shukrani bi mkubwa. Basi kulabu na kitanzi, na vipande kama boksi halimtoshi. Linabaki la kutoka majini hadi mjini. Maji yakiwa yametoka, kutoka hori hadi mchangani ni mwendo, na kwingine ni tope la mikoko.

Nahodha_Kizingitini

Hilo unalitatua kwa saa ya kurudi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, maji hukauka karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Ukirudi saa sita mchana unakuta tope. Ukirudi saa nane au saa tisa maji yanapanda, yanakupeleka mpaka mchangani. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, haina shida. Na mlango wa Shela usiuingie maji yakitoka kwa nguvu huku upepo unaingia kinyume chake, mawimbi yanasimama wima, na hori lenye mzigo halina ukingo wa kuyapokea.

Ukikwama kwenye tope, usimbebe begani. Beseni pana la plastiki, kamba mita 3 kiunoni, unalivuta kama mtumbwi; linateleza mahali ambapo mguu wako unazama hadi goti. Kwenye mchanga mgumu, mzegazega, yaani mti begani: pande moja huku, jingine kule, uzito sawasawa. Kilo 30 za upande mmoja zinakuvunja kiuno, 15 kwa 15 unatembea.

BarafuNaBahari, Lamu mjini

Punda: mzigo usizidi theluthi ya uzito wake. Punda wengi wa hapa usiwavushe kilo 45, na hesabu barafu na maji ndani yake. Weka gunia kavu chini ya boksi, maji ya chumvi yanayovuja yanamchubua mgongo. Mkokoteni ni bora kama njia inapitika, boksi linakaa wima.

Tengo_Mayungu, Malindi

Moja limesahaulika: sulisuli. Akishika mshipi wako ukiwa peke yako horini, usimlete ndani hata akiwa wa kilo 25. Ule upanga wake unapita kwenye paja na kwenye ubao. Kata mshipi karibu na ndoana kadiri kisu kinavyofika. Kisu kiwe kimefungwa kwenye ubao wa kukalia, upande wa mkono usioshika mshipi.

MshipiMmoja, Shela

Na kamba ya kitanzi? Nailoni au ile ya plastiki ya buluu?

Nahodha_Kizingitini

Ile ya plastiki, milimita 10, urefu mita 2. Inaelea, kwa hiyo kitanzi kinabaki wazi juu ya maji unapokipeleka mkiani. Nailoni inazama na kujikunja. Ila plastiki inaliwa na jua: ikianza kutoa vumbi jeupe mkononi, ibadilishe.