Land Rover ya 1978: bodi ya alumini inatoa unga mweupe, kazi ianzie wapi?

Mrithi wa Pangani

Salaam wanajukwaa. Marehemu baba ameniachia Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, ambayo imelala chini ya mwembe hapa Pangani kwa miaka tisa. Injini inawaka; kinachonisumbua ni bodi. Milango imevimba upande wa chini, rangi inabanduka, na ukikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe mithili ya chokaa. Fundi mmoja niliyemwita aligonga hapa na pale, kisha akaniambia kwamba gari la alumini halishiki kutu, kwa hiyo kazi yote ni kupitisha grainda, kujaza puti ya kusawazishia bati na kupuliza rangi, na kwamba baada ya wiki moja nitalichukua. Bei aliyonitajia ilikuwa nafuu kiasi cha kunitia shaka. Ningependa gari lirudi kwenye rangi yake ya kiwandani, ingawa siijui, maana limekwisha kupakwa rangi kwa brashi si chini ya mara tatu. Je, nianzie wapi, na puti inafaa juu ya alumini?

Fundi Bati

Mola amrehemu mzee. Fundi wako amesema nusu ya ukweli. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini huliwa, na huliwa upesi zaidi pale inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, kwa sababu metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo ambamo alumini ndiyo inayotafunwa. Milango yako ni bati la alumini lililokunjwa juu ya fremu ya chuma. Maji yakituama chini, fremu inavimba kwa kutu na bati linageuka unga. Ukijaza puti juu ya unga huo, msimu wa mvua ukipita itadondoka yenyewe.

Lakini mimi nisingeanza na milango. Ukuta unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma, na chasisi pia ni ya chuma. Inua mikeka ya mpira, shika bisibisi, uchokonoe pale miguu inapokaa na kwenye pembe za ukuta huo karibu na bawaba za milango. Kisha ingia uvunguni, uchokonoe boriti ya nyuma ya chasisi na mikono inayobeba bodi. Bisibisi ikipenya, suala la rangi liahirishwe mpaka mchomeleaji amalize.

Puti inafaa, ila kwa kiasi. Osha kwanza kwa maji baridi mengi, kwani chumvi ikibaki chini ya rangi hutoa malengelenge. Ondoa rangi kwa dawa ya kubandulia. Usitumie brashi ya nyaya za chuma, kwa kuwa chembe zake hunasa kwenye alumini na kuanzisha ulaji upya. Piga msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, weka puti nyembamba moja kwa moja juu ya bati hilo, ndipo upulize praima ya asidi, yaani rangi ya kwanza inayong'ata metali, kwenye alumini iliyobaki wazi. Wengi hutanguliza praima ya asidi na kupachika puti juu yake, halafu wanashangaa kuona inabanduka.

Bibi Gereji

Naongezea kuhusu mibonyeo, kwani hapo ndipo madigadi mengi huharibiwa. Alumini ikigongwa baridi hutanuka, kisha inakuwa ngumu na kupasuka. Lazima ilainishwe kwa moto, na tatizo ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi bila kuwa nyekundu ili kukuonya. Sisi hutumia sabuni ya mche: baada ya kuondoa rangi, chora mistari ya sabuni kavu juu ya bati, pitisha moto wa gesi polepole kwa mbali, na mara mistari inapogeuka myeusi, ondoa moto. Likipoa, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao.

Mrithi wa Pangani

Nawashukuru sana. Nimeinua mikeka: upande wa dereva ni mzima, lakini upande wa kushoto bisibisi imezama mpaka kwenye mpini, na tundu sasa linatosha kiganja changu. Chini ya mito ya viti nimekuta rangi ya kijani kibichi iliyokolea, isiyopigwa jua. Je, hiyo ndiyo ya kiwandani? Na vile vipande vya kijivu vilivyo juu ya kingo za bodi ya nyuma, nivipake kijani pia?

Fundi Bati

Chini ya viti ni shahidi mzuri. Kwangua pia nyuma ya dashibodi, na rangi zikilingana, peleka kipande kwa mchanganya rangi. Vipande hivyo vya kijivu vimechovywa kwenye zinki, navyo havikupakwa rangi kiwandani. Visugue kwa maji na sabuni tu. Unapovirudisha, tenga chuma na alumini kwa rangi pande zote mbili na ukanda mwembamba wa mpira, la sivyo betri ile itaanza tena.

Usipulize wakati wa masika, wala alasiri upepo wa baharini unapoleta vumbi na chumvi. Kama rangi ni ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kitambaa cha puani hakitoshi hata kidogo. Moshi wake huharibu mapafu, na inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje.

Kuhusu tundu la kushoto, usikubali kiraka kibandikwe juu ya kutu. Mchomeleaji akate mpaka afikie chuma kizima, ndipo mpatane bei, kwa sababu tundu la kiganja leo litakuwa la sahani kesho akishakata.