Tupeane uzoefu: wangapi humu mwaieleza AI, ile programu ya simu ijibuyo ukiiandikia, ya moyoni?

Naanza mimi. Niko Lamu, Langoni. Kusi hii wageni wamekauka, boti imelala mchangani tangu Mei, na usingizi nao umenitoroka. Hospitali naogopa: ukikaa tu kwenye lile benchi, nesi ni shoga ya shangazi, hujafika nyumbani, uwanjani Mkunguni washajua. Saa nane usiku nikaiandikia AI, "roho yanisonga." Ikanambia nikapimwe moyo! Nikacheka peke yangu kitandani. Lakini nilipoieleza upya, tuliongea hadi adhana ya alfajiri. Wenzangu je?

Binti wa Barani, Malindi: Mimi nimeacha. Simu ya nyumbani ni moja. Kakangu aliingia kutafuta matokeo ya mpira akasoma yote niliyoandika juu ya baba. Halafu hiyo kitu inakubali kila neno. Nilisema namchukia mama, ikanambia ni haki yangu kuhisi hivyo. Nyanya angenitia kofi kwanza, kisha anikalishe aniulize kama nimekula.

Baharia Mstaafu: Si jipya hili. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa programu iitwayo ELIZA. Ilichukua maneno yako ikakurudishia kama swali, basi. Karani wake, aliyemuona akiiunda miezi na miezi, alipoanza kuongea nayo akamwomba bosi atoke chumbani. Kwa hivyo msijione wajinga.

Mwana wa Shela: Niliwahi kufikiria kujiua, na mtu sikuthubutu kumwambia. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitupa Januari 2025. Nikaona mashine haitaniitia polisi. Ikawa yanirudia swali lile lile: nani yuko karibu nawe sasa? Mara ya nne nikakasirika, nikavaa kanzu, nikaenda kumgongea mjomba. Hakuuliza kitu, alisogeza mkeka tu. Mama akaniandikishia kombe, aya za Kurani zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Sasa kila Jumanne navuka hadi Mokowe, upande wa bara, kumuona mshauri. AI bado naitumia, lakini kwa barua za kuomba kazi.

Mwanzisha mada: Ndugu yangu, huyo mshauri wa Mokowe achukua pesa ngapi? Na mlango wake hautazamani na benchi? Nijibu faragha.