Whitby ni mji wa picha tu. Sisi tunaolea wazee wake tulale wapi?

Wakuu, nimekasirika, mtanivumilia. Na yule wa "si urudi kwenu" apite tu, uzi haumhusu.

Kuna mawakala wa ajira hapo Dar wanazidi kurusha picha za Whitby kwenye magrupu ya WhatsApp. Mji wa pwani ya Yorkshire, Uingereza, bandari ndogo, mapaa ya vigae vyekundu, magofu ya abasia (makao ya watawa) juu ya jabali. Chini wameandika: "Mji tulivu wa kihistoria, kazi ya kulea wazee, makazi rahisi." Kwanza, serikali ya Uingereza ilishafunga viza ya kulea wazee kwa waombaji wapya walioko nje tangu Julai 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo ni tapeli, hakuna mjadala. Pili, mimi naishi hapa, na hayo "makazi rahisi" ndiyo yamenifanya nishike simu.

Mwaka jana nilitolewa kwenye nyumba. Sikuwa na deni la kodi, sikugombana na mtu. Ilikuja barua moja ya dalali: miezi 2, uwe umeondoka. Sababu hawakutoa, na sheria ya wakati ule haikuwalazimisha. Bunge lao limepitisha sheria mpya ya kufuta mtindo huo kuanzia Mei 2026. Hongera zao, mimi nilishafungasha. Sasa kile chumba nilichokuwa nalala kinatangazwa mtandaoni kwa bei ya usiku, na mlangoni wamepigilia kibao cha mbao: Kiota cha Shakwe. Kodi niliyokuwa nalipa mwezi mzima, mgeni anaimaliza kwa wiki moja ya Agosti. Mimi nimejibanza sebuleni kwa dada mmoja Mzimbabwe, naamka kabla watoto wake hawajaja kuwasha TV.

Na msidhani ni sisi wahamiaji tu tunaolia. Juni 2022 wenyeji walipiga kura kutaka nyumba zote mpya zinazojengwa Whitby ziwe za watu wanaoishi humo mwaka mzima. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Kura yenyewe haikuwa na nguvu ya kisheria. Kuanzia Aprili 2025 halmashauri imewatoza kodi yake mara mbili wenye nyumba za pili, zile za likizo, sawa, lakini mjanja ana mlango wa kutokea. Akiitangaza nyumba kwa wageni siku 140 kwa mwaka na ikapangishwa kweli siku 70, inahesabiwa biashara, inatoka kwenye kodi hiyo na kuingia kodi ya biashara. Ikiwa ni biashara ndogo, inaweza kupata msamaha asilipe hata senti. Mimi mpangaji kodi ya halmashauri nilikuwa nalipa kila mwezi bila kukosa.

Hebu niwape picha ambayo wakala hatawatumia. Upande wa mashariki wa mto, nyumba za kale zimebanana kwenye nyua ndogo unazoingilia kwa kichochoro. Kwenye ua mmoja namhudumia bibi asiyeweza tena kushuka ngazi kufungua mlango, kwa hiyo walezi tunachukua funguo kwenye kiboksi cha namba za siri ukutani. Sasa kila mlango wa pale una kiboksi kama hicho. Cha kwake ndicho pekee cha ugonjwa, vingine vyote ni vya wageni wa likizo. Januari ukiingia saa moja jioni, dirisha lake ndilo pekee lenye taa, akianguka hakuna jirani wa kumsikia. Agosti ndiyo balaa: wageni waliolewa wanakuja usiku wa manane wanabonyeza namba kwenye kiboksi chake, yeye ndani anatetemeka.

Mtaniambia nihamie mji wa jirani. Upi? Reli ya kwenda Scarborough waliifunga mwaka 1965, leo ni njia ya baiskeli. Treni ya Middlesbrough inachukua kama saa moja na nusu, na kwa siku ni chache. Zamu ya kwanza inaanza alfajiri, basi lako bado limelala. Nunua gari, eh? Leseni ya kwetu unaitumia miezi 12 tu. Mzimbabwe anabadilishiwa, Mtanzania na Mkenya mnaanza mtihani upya, na nafasi ya mtihani kuipata ni kazi. Basi natembea. Nikifika darajani, wamelifungua mashua zipite kwa kuwa maji yamejaa, nasimama na watalii wanaopiga picha huku programu ya kazini kwenye simu inaandika kwamba nimechelewa. (Shakwe wakiwapokonya chipsi nacheka, sitasema uongo.)

Kinachoniuma ni hii historia wanayoiuza. Abasia ilianzishwa mwaka 657, mwaka 664 viongozi wa kanisa wakakutana hapo kuamua tarehe ya Pasaka, na Endeavour, meli ya yule baharia Mwingereza James Cook, iliundwa hapa hapa. Sikatai. Lakini huyo Cook alipokuja kujifunza ubaharia mwaka 1746, bwana wake mwenye meli alimpa pa kulala. Wanasema ni darini, kwenye nyumba ya Grape Lane ambayo leo ni makumbusho, unalipia kiingilio kuiona. Kijana wa karne ya 18 alipewa dari. Mwajiri wangu alinipa namba ya dalali.

Na kuacha kazi si rahisi kama mnavyodhani. Ukiachana na mwajiri aliyekudhamini viza, unapewa siku 60 upate mwingine au uondoke nchini. Waajiri wanalijua hilo, ndiyo maana ukilalamika kuhusu nyumba wanakuangalia tu.

Wa Mji Mkongwe mlioona nyumba za babu zenu zikigeuka hoteli, karibuni, nyie hamhitaji maelezo.

Anayemjua mwenye chumba cha mwaka mzima Ruswarp au Sleights, vijiji vya jirani, aseme hapa hapa, hata kama ni dari. Madalali msinifuate inbox.